Kipupwe cha Gatina: historia ya njia za mguu

Mwezi wa Julai, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa mtaa wa Gatina, Nairobi, huwa umelalia mabati kiasi kwamba mtu humsikia jirani yake kabla hajamwona. Mlango wa bati unafunguliwa, maji yanamwagwa mtaroni, anakohoa mmoja, wanasalimiana wawili, kisha zinafuata nyayo. Mama wa mandazi keshawasha jiko na kuifunika ndoo ya uji kwa leso. Mafundi wenye mifuko ya vifaa, walinzi wanaotoka zamu ya usiku, kina mama wanaokwenda kufua na kupiga pasi katika nyumba za watu, wanafunzi waliovuta kofia za marvin hadi kwenye nyusi, wote wako njiani. Wengi wanaelekea Lavington, Kileleshwa na Kilimani, na wanakwenda kwa miguu.

Tunapiga mguu kwa sababu ya nauli, hilo halifichiki. Lakini muulize anayeijua njia hii atakwambia kwamba baridi ya Juni hadi Agosti ndiyo bora kwa kutembea. Jua halichomi, vumbi limetulia, na unaweza kumaliza kilomita sita na shati bado kavu. Jioni ukirudi, mahindi ya kuchoma yanakungoja kando ya barabara. Muuzaji anapepea makaa kwa kipande cha katoni, anageuza hindi kwa vidole visivyosikia tena moto, analipaka ndimu yenye chumvi na pilipili, analifunga kwa ganda lake. Hulili upesi. Kwanza unalishika kwa mikono miwili mpaka vidole vipate joto.

Watu wa mwambao wanayaita majira haya kipupwe. Ni wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini-mashariki unaoichafua bahari hadi wavuvi wengi wa vyombo vidogo wakakaa pwani. Upepo huohuo hupanda bara na unyevu wake, ukafika nyanda za juu, ukapoa na kugeuka wingu la chini linalofunika jiji siku nzima na kumwaga manyunyu tu. Wakikuyu wanayaita majira haya gathano. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, jirani na Gatina, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai kipimajoto huko kinaweza kushuka karibu na nyuzi 10. Ukungu huu wa mitaani kwetu, basi, asili yake ni bahari.

Na watu pia walipanda kutoka pwani kwa njia hiyohiyo. Kabla ya reli, misafara ya Waswahili ilitembea zaidi ya kilomita 500 kutoka Mombasa na bandari nyingine hadi ukingo wa nchi ya Wakikuyu. Mpagazi alibeba mzigo wa karibu kilo 30 kichwani au begani, siku baada ya siku. Chini ya vilima vya Ngong palikuwa na kituo maarufu, Ngong'o Bagas, ambako misafara ilinunua mahindi, maharagwe na viazi kabla ya kuingia nchi ya Wamaasai. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alipita huko akiandamana na msafara wa mfanyabiashara wa Pangani, Jumbe Kimemeta. Vitabu vilimsifu Thomson, ilhali waliokanyaga njia wakiwa na mizigo yake walikuwa wapagazi wa pwani.

Mwaka 1890 Frederick Lugard alijenga boma Dagoretti kwa niaba ya kampuni ya Waingereza, akafanya mapatano na kiongozi wa Wakikuyu, Waiyaki wa Hinga. Mapatano hayakudumu. Askari na wapagazi wa kampuni walichukua chakula kwa nguvu, wenyeji wakaja juu, boma likachomwa. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa na kupelekwa upande wa pwani, akafia Kibwezi. Barabara iliyoleta biashara ikawa ndiyo barabara ya kumwondoa mwenye nchi.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Injini zake zilikula kuni, na misitu ya asili ikafyekwa kwa kasi. Kwa ajili hiyo bustani ya miti ya Arboretum ilianzishwa mwaka 1907, ili kujaribu miti ya kigeni inayokua upesi na kuona ipi itafaa kwa mashamba ya kuni. Leo anayetoka Gatina kwa Barabara ya Gitanga, akapita Lavington na Kileleshwa, anafika Arboretum kwa mwendo wa saa moja na nusu hivi. Huko atakuta wanaokimbia, wapenzi waliokaa nyasini, kwaya za makanisa zikifanya mazoezi, na waumini wanaoomba kwa sauti peke yao chini ya miti. Miti iliyopandwa kwa sababu ya tanuri la gari moshi imekuwa nyumba ya sala.

Lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuweza kufunga safari hiyo kwa kujisikia tu. Dagoretti ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu iliyopakana na mji, na kwenda mjini kulikuwa kuvuka mpaka. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kubeba kipande, karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole na maneno ya mwajiri wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Askari alikuwa na haki ya kumsimamisha popote. Asiyekuwa nacho alitozwa faini au kufungwa.

Mwanaharakati Harry Thuku alipinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi ukitaka aachiliwe. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwachochea wanaume waliokuwa wameanza kusitasita. Polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Mahali hapo pako karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, na barabara ya jirani ina jina la Thuku. Ukipita hapo asubuhi ya ukungu, punguza mwendo.

Kipande kilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini nafuu haikukaa. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi wa kikoloni walilizingira jiji katika Operesheni Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipakiwa malorini hadi kambini. Baada ya hapo watu wa jamii hizo walihitaji vibali hata kwa safari ambazo mababu zao walizifanya bila kumwuliza mtu. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mipaka ya jiji ilipanuliwa na Dagoretti ikawa ndani ya Nairobi. Mtu wa Gatina akatoka nyumbani mikono mitupu, bila kibali wala kikebe.

Hata hivyo, uhuru wa kutembea unahitaji pa kutembelea. Upande wa pili wa Barabara ya Ngong iko Kibera, ambayo jina lake linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la Waingereza walipewa makao huko mwanzoni mwa karne iliyopita, kukiwa bado ni miti tupu. Msitu wa Ngong uliopakana nayo ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932 ukiwa na zaidi ya hekta 2,900. Leo imebaki chini ya nusu.

Msitu wa Karura nao nusura uende. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu za msitu huo zimegawiwa watu binafsi. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wa shirika la Green Belt Movement wakaenda na miche. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa langoni walipojaribu kupanda mti, Maathai akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, na mwaka huohuo serikali ikasimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu haukujengwa. Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, na Karura yenye zaidi ya hekta 1,000 ikazungushiwa ua na kufunguliwa kwa wanaotembea. Familia zinazopiga picha kwenye maporomoko yake wikendi ya Julai zinakanyaga ardhi iliyolipiwa kwa damu.

Ndiyo maana nasema kutembea Nairobi ni urithi. Wapagazi walikanyaga njia hizi kabla yetu, Nyanjiru alikufa kwa ajili ya mtu aliyekataa kipande, na Maathai akatuachia kivuli cha miti. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri wa miguu na baiskeli, ikaahidi kuutengea sehemu ya bajeti yake. Ahadi hiyo ipimwe Gatina, sio kwenye makaratasi. Tunataka njia pana ya waendao kwa miguu, iliyoinuliwa juu ya tope la manyunyu, yenye taa kwa ajili ya mama anayetoka saa kumi na moja alfajiri, na isiyogeuzwa maegesho ya magari.

Na wewe msomaji, kipupwe hiki tafuta Jumapili moja. Vaa sweta, mshike mtoto mkono, mtoke Gatina mpaka Arboretum bila haraka. Mwonyeshe mpaka wa zamani ulipopita, mwambie kikebe kilining'inia wapi, kisha mnunulie hindi la kuchoma mkirudi. Akiijua njia hii kwa nyayo zake mwenyewe, hatakubali mtu amfungie.