Nafuu ya Ushuru: Mtoto Anahesabiwa Wapi?

Kila Juni, saiba za Kangemi na Kawangware, Nairobi, hujaa watu wanaowahi kujaza ritani za ushuru kabla ya tarehe 30. Mwaka mmoja niliketi kando ya mama aliyemuuliza kijana wa saiba mara mbili: "Sasa hawa watoto wangu wanne naandika wapi?" Kijana alikosa jibu, maana fomu haikuulizia watoto. Mama alikuwa amesikia kwa dadake aliye Uingereza kwamba huko mzazi hupewa "mkopo wa kodi" kwa sababu ya watoto.

Tafsiri hiyo ya "tax credit" ina makosa mawili. Mkopo hurudishwa, ilhali fedha alizozungumzia dada hazikuwa za kurudishwa. Na kodi, kwa mpangaji wa Kawangware, ni ile ya nyumba. Tanzania kodi ni neno la serikali. Kenya tumezoea ushuru, na KRA yenyewe ni Mamlaka ya Ushuru.

Wengine husema msamaha. Neno hilo tayari lina kazi mbili: kumfutia mdaiwa faini na riba, na kuliacha pato lisitozwe chochote. Mtu mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha, kwa mfano, hatozwi ushuru kwa KSh 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi.

Mimi nashikilia nafuu. Mgonjwa aliyepata nafuu hajapona, ila maumivu yamepungua. Bei nafuu bado ni bei. Ndivyo hesabu yenyewe inavyokwenda: pato linatozwa kwanza, kisha kiasi fulani kinatolewa kwenye ushuru uliopatikana. Tangu Aprili 2020 nafuu ya kila mlipaji nchini ni KSh 2,400 kwa mwezi. KSh 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani KSh 2,400, kwa hiyo mwenye pato hilo halipi kitu. Mwenye pato la KSh 30,000, baada ya makato yanayoruhusiwa, hutozwa asilimia 25 kwa zile 6,000 za juu. Ushuru wake unafika 3,900; toa nafuu, analipa 1,500.

Analipa hizo 1,500 awe na watoto watano au asiwe na hata mmoja. Nafuu ya Kenya ni ya mtu binafsi, na kwangu huo ni upungufu mkubwa wa sheria yetu, kwa kuwa karo na unga havigawanywi hivyo.

Mlango mmoja mdogo upo. Nafuu ya bima ni asilimia 15 ya malipo ya bima, isiyozidi KSh 5,000 kwa mwezi, na bima hiyo yaweza kuwa ya maisha au ya afya, yako au ya mwanao. Bima ya elimu huhesabiwa iwapo muda wake ni miaka 10 au zaidi. Anayelipia KSh 2,000 kwa mwezi hupunguziwa 300. Atunze cheti cha bima. Bila hicho mwajiri hana msingi wa kumpunguzia.

Kuna tofauti nyingine kati ya Kenya na Uingereza ambayo neno moja haliwezi kuibeba. Anayepata KSh 15,000 hutozwa 1,500, nafuu ikafuta zote. Zile 900 za nafuu zinazobaki halipwi. Uingereza, mpango aliousimulia dada, ulioanza Aprili 2003 na kufungwa Aprili 2025, ulimlipa hata mzazi asiyetozwa ushuru. Huo ningeuita ruzuku ya watoto. Kenya, jamaa yake wa karibu hayuko KRA bali kwenye mpango wa Inua Jamii, ambako kaya maskini inayolea yatima au watoto walio hatarini hupewa KSh 2,000 kwa mwezi.

Limebaki neno moja. Matangazo mengi siku hizi huandika kwamba mtu "anahitimu" kupata nafuu. Kuhitimu ni kumaliza masomo. Neno letu ni kustahiki, lenye asili moja na haki, nalo humfundisha mama yule kuuliza vizuri zaidi. Badala ya "naandika wapi?", angeuliza, "kwa watoto hawa, nastahiki nini, na ofisi gani?" Kama ana bima ya elimu ya mwanawe, ajaze sehemu ya nafuu ya bima. Kama analea mpwa yatima, aende kwa chifu au afisa wa watoto wa eneo lake.