Kadi ya picha: Rekebisha mipangilio kabla ya kununua nyingine

MCHEZAJI wa kandanda ya tarakilishi hulalamika mara kwa mara kwamba picha zinakwama, na bao linafungwa kabla kidole hakijafika kwenye kibonyezo. Aghalabu lawama hutupiwa kadi ya picha, na mzazi akaombwa maelfu ya shilingi ili inunuliwe nyingine. Huenda fedha hizo zisihitajike kamwe.

Kazi ya kadi hiyo ni kukokotoa rangi ya kila nukta inayoonekana kwenye skrini. Skrini yenye vipimo vya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ili mchezo uende kwa kasi ya picha 60 kwa sekunde, kadi hupata takriban milisekunde 16.7 pekee za kuchora kila picha. Ikichelewa, mchezo hugugumia.

Kwa hivyo jambo la kwanza kutazamwa ni idadi ya nukta. Vipimo vya 3840 kwa 2160 vina nukta mara nne ya hizo, ilhali 1280 kwa 720 havifikii hata nusu yake. Kupunguza huongeza kasi, ila picha hupoteza ukali. Tangu 2019 michezo kadhaa imetumia mbinu ya DLSS ya kampuni ya Nvidia, ambapo kadi huchora picha ndogo kisha ikaikuza kwa ustadi. AMD ilileta FSR mwaka wa 2021, na toleo lake la kwanza lilikubali kadi nyingi za zamani, zikiwemo za mshindani wake.

Vivuli hufuata. Kuvishusha kutoka kiwango cha juu kabisa hadi cha wastani huokoa kazi nyingi, na katikati ya pambano ni wachache watakaong'amua tofauti.

Umbile la nyuso za vitu, kama vile kuta na nyasi, ni suala tofauti, na hapa ndipo wengi hukosea. Hilo hutegemea zaidi kumbukumbu ya kadi. Kumbukumbu ikitosha, kupunguza ubora huo ni kuharibu picha bure. Isipotosha, data hulazimika kuletwa kutoka kumbukumbu kuu ya tarakilishi, na mchezo hukwama ghafla kila mandhari yanapobadilika. Uchujaji wa anisotropiki nao, unaofanya barabara ionekane wazi hata kwa mbali, unaweza kuachwa kwenye 16 katika kadi nyingi bila hasara kubwa.

Kulainisha kingo zenye meno kuna bei zake. Mbinu ya kuchora nukta mara nne kisha kuzipunguza hutoa picha safi mno, lakini huilemea kadi. FXAA ni nyepesi, ila hutia ukungu kidogo.

Picha ikionekana kukatika katikati, ulandanishi na skrini huondoa kasoro hiyo. Hata hivyo, huongeza ucheleweshaji, na kadi isiyofikia picha 60 inaweza kuporomoka hadi 30.

Wenye vipakatalishi wahakikishe kwamba mchezo unatumia kadi yenye nguvu, wala si ile iliyo ndani ya prosesa. Windows 10 na 11 zina sehemu ya kuchagulia hilo kwenye mipangilio ya skrini. Vumbi nalo lisidharauliwe: kadi ikipata joto jingi hujipunguzia kasi yenyewe, na katika miji ya joto kama Mombasa feni iliyoziba ni balaa.

Kabla ya kwenda dukani, lipo jaribio moja lisilogharimu chochote. Mchezaji apunguze vipimo vya skrini hadi 1280 kwa 720, kisha atazame idadi ya picha kwa sekunde. Ikipanda sana, kadi ndiyo iliyolemewa. Ikibaki pale pale, na ulandanishi umezimwa, yaelekea anayechelewesha mambo ni prosesa, na kadi mpya haitaondoa tatizo hilo.