Mnara wa Smailholm

Kusini mwa nchi ya Uskoti, karibu na mpaka wa Uingereza, uko mnara wa mawe uitwao Smailholm. Umesimama peke yake juu ya mwamba. Kimo chake yapata futi 65, na kuta zake zina unene wa futi 6 na zaidi. Mtu auonaye kwa mbali hudhani ni ngome ya askari, kumbe ni nyumba ya mtu na mkewe na watoto wake. Walioujenga ni ukoo wa Pringle, wenye ng'ombe na kondoo, yapata miaka 500 iliyopita.

Msomaji atauliza, mfugaji ana haja gani ya kuta kama hizo? Sababu ni wizi wa mifugo. Wafalme wa nchi mbili walipigana mara kwa mara, na watu wa mpakani, walipoona hakuna hakimu wa kuwaamua, walizoea kuishi kwa kunyang'anyana. Wezi walikuja juu ya farasi katika usiku mrefu wa majira ya baridi, wakaswaga ng'ombe, wakachoma vibanda, na kulipopambazuka wamekwisha kuvuka mpaka. Wala si Waingereza peke yao waliowaibia Waskoti. Jirani naye alimwibia jirani. Hata mwaka 1535 Bunge la Uskoti likaamuru kila mtu wa mpakani mwenye nchi ya thamani ya pauni 100 ajenge boma la mawe na chokaa, futi 60 kila upande, la kuponyea watu na mali. Na akipenda, ajenge na mnara ndani yake.

Basi tazama jinsi nyumba hii ilivyofanywa kwa hofu. Chumba cha chini kilikuwa ghala, na dari yake ni tao la mawe, maana mawe hayashiki moto. Juu yake ni ukumbi wa kulia na kuota moto, na juu zaidi vyumba vya kulala. Ngazi ni moja tu, nyembamba, yenye kuzunguka. Adui hupanda mmoja mmoja. Juu kabisa, penye bomba la moshi, mlinzi alifanyiwa kiti cha mawe, apate joto kidogo akikesha. Walakini mnara haukuzuia kila kitu: katika miaka ya 1540 Waingereza waliivamia Smailholm zaidi ya mara moja.

Mwaka 1603 mfalme wa Uskoti alirithi na kiti cha Uingereza, na wezi wa mpakani wakaandamwa na kunyongwa. Mwaka 1645 mnara ulikwenda kwa ukoo wa Scott wa Harden, ambao babu yao mmoja alikuwa mwizi wa ng'ombe mwenye sifa kubwa!

Katika ukoo huo alizaliwa Walter Scott, mwaka 1771. Alipokuwa mtoto mchanga aliugua, mguu wake wa kuume ukalemaa, akapelekwa shambani kwa babu yake, chini ya mwamba ule. Huko wazee walimsimulia habari za wezi na vita vya mpakani, na hizo ndizo alizoziandika baadaye katika mashairi yaliyompa jina.