Kipeuo cha Pili na Safari ya kutoka Kabongo hadi Ikweta

Kabongo, katika Haut-Lomami, iko digrii 7 na ushee kusini mwa ikweta, yaani kilomita 800 na ziada. Umbali huo haupatikani kwa kuzidisha tu, maana dunia si tufe kamili: digrii moja ya latitudo ni kilomita 110.6 karibu na ikweta na 111.7 karibu na ncha. Mstari wa meridiani ni duaradufu, na urefu wake hudai integrali ya kipeuo cha pili chenye saini ndani yake.

Vipo vipeuo vya aina hiyo vilivyo vyepesi. 1 + cos x ni sawa na 2cos²(x/2). Kipeuo hutoweka, mradi ishara hasi ichungwe. Lakini 1 − k²sin²x haikubali hila hiyo. Legendre alishughulika nayo tangu 1786, na katika miaka ya 1830 Liouville akathibitisha kwamba hakuna fomula ya kawaida iwezayo kuimaliza.

Wapimaji ardhi hawakukwama hapo. Kwa kuwa k² ya dunia haifiki 0.007, walikifumua kipeuo kiwe mfululizo, na vipande vichache vya mwanzo vikatosha. Hesabu za namna hiyo ndizo zilizolitegemeza tao la meridiani ya 30, lililopendekezwa na David Gill mwaka 1879 na kukamilishwa 1954, ambalo lilipita mashariki ya Kabongo, umbali wa zaidi ya kilomita 400.