Mishipa ya fahamu isiyongoja fahamu

Mkulima wa Kumsenga, Kibondo, akikutana na nyoka kwenye shamba la mihogo, hana haja ya kuuamuru moyo uende mbio. Unakwenda wenyewe. Mboni za macho zinapanuka, mate yanakauka, jasho linamtoka. Yote hayo ni kazi ya neva, ambazo Kiswahili kimeziita mishipa ya fahamu.

Jina zuri, ila hapa linabana. Fahamu, neno lililotoka Kiarabu, ni kuelewa na kujitambua; neva hizi hazimuulizi mtu kitu. Hata aliyepoteza fahamu, moyo wake unadunda na utumbo unasukuma chakula. Mwingereza John Newport Langley alizipa mwaka 1898 jina lenye maana ya kujitawala, na baadaye akazigawa mafungu matatu. Simpathetiki hutoka kwenye uti wa mgongo, sehemu ya kifua na kiuno: hilo ndilo fungu la nyoka. Parasimpathetiki hutoka kwenye shina la ubongo na sehemu ya chini ya uti. Hilo hutuliza moyo na kurudisha mate mkulima akikaa kula ugali wake. La tatu limo ndani ya kuta za utumbo, na hujiendesha kwa kiasi kikubwa hata bila ubongo.

“Mshipa” nao una mizigo yake: hupitisha damu, na mitaani ni ngiri pia. Heri neva tu, na hizi za Langley tuziite neva zinazojiendesha.