Siku ya Mmonaki na Jembe Lake

Habari za mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika Kilema mwaka 1890 zajulikana sana. Hao hawakuwa wamonaki. Lakini desturi ya kuweka kanisa, shule na shamba mahali pamoja, na kengele kuvigawia saa zake, ilikuwa ya kale sana Ulaya kabla ya kupanda mlima huu. Ilikuwa desturi ya monasteri.

Mtakatifu Benedikto aliandika Kanuni yake huko Italia katika karne ya 6. Sisi twaifahamu upesi kuliko Wazungu wa leo, kwa maana alihesabu saa kama sisi, tangu jua kucha na tangu jua kuchwa. Asemapo saa nane ya usiku, ni saa nane yetu. Ndiyo saa waliyoamka majira ya baridi kuimba zaburi, nazo zaburi zote 150 zilikwisha kila juma. Walilala na nguo zao, taa ikiwaka mpaka asubuhi; ila visu walivivua viunoni, mtu asijikate usingizini.

Majira ya joto walifanya kazi ya mikono tangu asubuhi hata yapata saa nne. Toka saa nne hata saa sita walisoma. Baada ya chakula walijilaza kimya, na aliyetaka kusoma alisoma pasipo kumsumbua mwenziwe. Kisha kazi tena hata jioni. Mezani hakuna aliyenena: mmoja alisoma kwa sauti, wengine walikula. Mapishi yalikuwa mawili, na mkate ratili moja kwa siku. Nyama ya mnyama wa miguu minne ilikuwa ya wagonjwa walio dhaifu. (Mchagga angeiita Kwaresima ya mwaka mzima.) Jikoni walipokezana kwa juma, na vyombo vya kazi viliangaliwa kama vyombo vya altare.

Liko jambo moja lililonigusa mimi hasa. Shuleni nilikosoma, aliyechelewa alipewa jembe. Hivyo tukajifunza, pasipo kuambiwa, ya kuwa kitabu ni heshima na jembe ni aibu. Na mpaka leo nawaona vijana waliosoma wakificha udongo wa kihamba mikononi mwao. Katika Kanuni sivyo. Mwenye kosa dogo alitengwa na meza ya wenzake, akala peke yake baada yao. Mwenye kosa kubwa alitengwa na sala ya pamoja pia, na kazi yake akaifanya peke yake. Adhabu ilikuwa upweke. Kazi ilikuwa ya wote, mwenye makosa na asiye nayo.

Hata hivyo tusiwasifu kupita kiasi. Huko Cluny, monasteri iliyoanzishwa mwaka 910, ibada zilirefushwa hata jembe likakosa nafasi. Mwaka 1098 wengine walikwenda Cîteaux wapate kurudia kazi ya mikono. Lakini nao wakaweka mabruda kwa mashamba, waliokula na kulala mbali na wamonaki wa kwaya, wala hawakufundishwa kusoma. Ndipo kitabu na jembe vikaachana tena, ndani ya ukuta mmoja.

Kanuni hiyo ya Benedikto ilifika kusini ya nchi yetu pamoja na Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, waliofungua Peramiho mwaka 1898. Huko sala za saa zilikaa jirani na useremala, na mtambo wa kupiga chapa jirani na mashamba. Mwaka 1957 ikaanzishwa monasteri ya Hanga kwa ajili ya wamonaki Waafrika.

Kwetu mlimani hapakuwa na monasteri wakati ule. Palikuwa na shamba la misioni ya Kilema, na humo mapadre walipanda mibuni kabla haijaenea vihambani mwetu. Kwa kahawa hiyo baba zetu wengi walilipa ada ya shule.