Mbele ya kalitusi: namna bazee wetu wa Kivu walikuwa wanapanda miti nyumbani

Kila tarehe 5 Desemba, siku ya mti mu inchi yetu, viongozi wanapanda kilima, wanapigwa picha na jembe mkononi, na mti unaingia mu shimo. Uangalie ule mti vizuri. Mara nyingi ni kalitusi ya Australia, ao grevilea, nayo ya Australia, ao sipresi iliyotoka upande wa Mexico. Imeletwa na gari kutoka pepinieri ya projeti fulani. Lakini mbele pepinieri hazijakuwa, miti ya nyumbani ilikuwa inatoka wapi? Miaka yote ya lisansi mu agronomia, ulizo hilo sikulikuta mu kozi hata moja. Wapendwa, acha nilijibu hapa kadiri ninavyoweza.

Jibu fupi: ilikuwa inatoka kwa jirani. Mu eneo hili lote la Maziwa Makubwa, mtu akijenga nyumba mupya hakutafuta mbegu. Alienda kwa mwenye lupango wa zamani, akaomba matawi. Mti wa kwanza wa kuombwa ulikuwa Ficus thonningii, ule ndugu zetu wanaosema Kinyarwanda wanaita umuvumu. Unakata tawi nene kama mkono, refu kama mtu, unaliacha kivulini siku chache mpaka maziwa yake yakauke pale ulipokata, kisha unalisimamisha mwanzoni mwa mvua. Nyuma ya muda lupango wako unaota majani. Mifugo inapata chakula, watu wanapata kivuli. Miti ya jamaa hiyo ndiyo iliyotoa pia nguo za magome: unachubua gome, unafunika shina kwa majani ya migomba, na mti unajitengenezea gome lingine. Waganda wangali wanafanya hivyo, na mu 2005 UNESCO ilitangaza ufundi wao kuwa urithi wa watu wote.

Erythrina abyssinica, ile ya maua mekundu na miiba, nayo inakubali kupandwa kwa tawi. Rwanda inaitwa umuko, na ilikuwa mti wa heshima mu ibada ya Ryangombe. Dracaena ilikuwa mti wa mpaka: unachomeka kipande cha shina kati ya shamba lako na la mwenzako, na hakuna mtu wa kusema hakuona. Ngambo ile ya ziwa, mahali palipokuwa nyumba ya mwami wa zamani panajulikana mpaka leo kwa mivumu mikubwa iliyobaki, wanapaita ikigabiro. Lupango ulikuwa wa matawi, nyumba ikaoza, matawi yakawa miti. Kwa mtu wa historia, ile ni arshivu inayosimama.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo sisi watu wa agronomia tunapenda kuruka: udongo ni wa nani. Mu Bushi kulikuwa na kalinzi na bwasa. Kwa kalinzi, mtu alitoa ngombe kwa mwami ao kwa mtu wake, akapewa udongo ambao watoto wake watarizi. Kwa bwasa, unakodi kipande kwa msimu ao misimu michache, unalipa kwa kazi ao kwa sehemu ya mavuno. Na mwenye bwasa hana ruhusa ya kupanda kitu cha kudumu: wala mugomba, wala kahawa, wala mti. Sababu ni wazi. Mti ni shahidi. Ukiuacha umalize miaka 10 mu shamba la mtu, kesho utasema shamba ni lako. Kwa hiyo siyo kweli kwamba "zamani kila mtu alipanda". Alipanda yule aliyekuwa na haki ya kubaki.

Mu 1928 koloni iliunda Comité National du Kivu, ambayo ilipewa udongo mwingi sana ili iugawie wazungu walowezi. Kahawa, chai na kinkina vikapanda vilima. Mu 1933 ikaja INEAC, yenye makao Yangambi, na kituo chake cha Kivu kikawa Mulungu, pale Kabare. Sitaki kusema vibaya juu ya Mulungu; utafiti wa kahawa na kinkina uliofanyika pale ulikuwa wa maana, na leo ni INERA. Lakini mpango wa kazi ulikuwa wa namna moja: kitalu, mistari iliyonyooka, miti ya umri mmoja, moniteri na daftari. Mti wa kuombwa kwa jirani haukuwa na nafasi mu daftari.

Na kuko sababu ingine, ya kisayansi, ambayo naona ina uzito kuliko watu wanavyofikiri. Mbegu ya kalitusi ni ndogo kama vumbi, kavu, na inakaa miaka mu kopo. Kilo moja ina mbegu mamia ya maelfu. Inavuka bahari bila shida. Sasa chukua Prunus africana, mti wa mlima wetu. Tunda lake lina nyama, na mbegu ikikauka sana inakufa. Hauwezi kuiweka mu biro ya agronomu ukingojea mwaka ujao. Biro ilichagua mti unaopenda biro.

Tuwe wa haki pia: kalitusi haikuingia kwa nguvu tu. Matuta ya kuzuia mmomonyoko, yale ya miaka ya 1940 na 1950, watu waliyafanya kwa lazima, na uhuru ulipofika wengi waliyaacha. Kalitusi hawakuiacha. Inakua mbio, ukiikata inachipuka tena, inatoa miti ya kujengea, mbao, kuni za kuchoma matofali na makala. Mlimaji wa Walungu ao wa Kabare siye mjinga, anajua hesabu.

Wakati huo huo, mbegu za miti ya kwetu zilikuwa zinafungiwa. Msitu wa Kahuzi uliwekwa akiba mu 1937, ukawa parki Kahuzi-Biega mu 1970, na mu 1980 ukaingia mu urithi wa dunia. Wambuti na Watwa waliokaa ndani walifukuzwa, na ndio waliojua mti gani unazaa mwezi gani. Leo ukiingia kuokota mbegu bila ruhusa, unakamatwa. Nje ya parki, mu 1994 wakafika wakimbizi kutoka Rwanda, mamia ya maelfu, Goma na pia upande wa Bukavu. Kambi moja hapa ilichukua hata jina la INERA. Watu wote hao walipika kwa kuni. Miti ya mama iliyokuwa imebaki kwenye vilima ikapungua zaidi.

Yenye kubaki iko wapi? Angalia maparokia ya zamani, makaburi, nyumba za wami na wachefu, mabonde ambako tingatinga haijafika. Prunus tena inachubuliwa: gome lake linauzwa Ulaya kwa dawa ya prostati, na tangu 1995 biashara yake iko chini ya mkataba wa CITES. Ukiona moja inazaa, okota matunda yaliyoiva chini yake, osha nyama yote, usianike kwa jua, panda siku hizo hizo kivulini. Markhamia lutea ni rahisi zaidi: fungua ganda refu, mbegu zenye mabawa unazimwaga juu ya udongo laini, unafunika kidogo sana. Mbegu ya Erythrina ina ngozi ngumu, uilaze mu maji usiku mzima. Ficus, tayari unajua.

Mtu atasema hiyo ni kazi ya fundi. Kenya, Wangari Maathai alipoanza Green Belt mu 1977, wafundi wa misitu walicheka pia, kwamba bamama wa kijijini hawana diploma. Bamama wakatumia makopo yaliyotoboka na mbegu walizookota karibu na nyumba, na miti ikaota. Mu 2005 huyo mama huyo alichaguliwa kuwa balozi wa misitu ya bonde la Congo, misitu yetu.

Lakini yeye mwenyewe angekutana na bwasa hapa. Vijana wengi tunaosoma ukurasa huu tunapanga nyumba Kadutu, Bagira ao Panzi, na wazazi wetu wanalima udongo wa mtu. Kwa mpangaji, mche mu saasheti ya maziwa unahama na mwenyewe, na unaweza kungoja misimu miwili ya mvua mbele ya kuwekwa mu udongo. Kwa mlimaji wa bwasa, njia ninayoiona ni karatasi: mti ukipandwa kwenye mpaka, iandikwe mbele ya chefu na mashahidi kwamba shina ni la mwenye shamba, na matawi, majani na mbegu ni vya aliyepanda. Wenye shamba wawili niliowauliza juu ya hilo, mmoja alikataa kabisa. Wa pili aliuliza kwanza ni mti gani. Nilipomwambia si kalitusi, alisema nirudi mwezi wa 9, mvua ikianza.